Neno Kuoza, Kama Ulivyolisikia Wewe

Baba yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa kwenye kibanda chako cha ushonaji hapa Mbugangari, karibu na mpaka wa Goma. Kompyuta nimeiweka juu ya cherehani yako, maana ndiyo meza pekee isiyoyumba. Mama amenikataza, kisha akaniacha. Anajua nikiwa na huzuni sisikii la mtu.

Unaikumbuka ile simu ya kwanza? Nilikuwa Ulaya, nimetoka kupokewa kwenye kikundi kinachochunguza chembe ya Higgs. Fizikia yote niliisoma kwa Kifaransa na Kiingereza, lakini wewe nilitaka kukwambia kwa Kiswahili, nikapekua kamusi mpaka nikapata neno. Nikasema kwa fahari: "Baba, nimeingia kwenye kazi ya kutafuta kuoza kusiko kwa kawaida." Nikasikia cherehani imenyamaza. Kisha sauti yako, ya chini kabisa:

"Kuoza? Nani amekuoza, na mi baba yako niko hapa muzima?"

Mimi nilisema kuoza kwa parachichi. Wewe ulisikia kuoza kwa msikitini, pale baba anapomshika mkwewe mkono na kumwambia, "Nimekuoza binti yangu." Nilicheka mpaka machozi. Na wewe ulicheka, ila ulichelewa kidogo kuanza.

Nikakueleza. Protoni mbili zinagonganishwa kwa kasi ya kutisha, na mara moja moja inazaliwa chembe ya Higgs. Haidumu hata muda wa kupepesa kope. Inavunjika kuwa chembe nyingine, na kule kuvunjika ndiko tunaita kuoza. Njia zake nyingi zinajulikana. Sisi tulitafuta ile isiyojulikana: pengine mara chache inaoza kuwa kitu kigeni, ambacho vyombo vyetu havikioni. Tungekijua kwa pengo tu. Vinavyoruka upande huu lazima vilingane na vya upande ule, na visipolingana, kuna kilichopita kimya.

"Donc munatafuta kitu hamuioni," ukasema. "Na bakubwa benu banakubali?"

Nilipokwambia mashine inayozigonganisha ni duara chini ya ardhi, linalovuka mpaka wa Uswisi na Ufaransa, ndipo uliposhangaa kweli. Chembe zinapita mpaka bila karatasi, na sisi hapa petite barrière, kwenye kivuko cha mpakani, tunapanga foleni tangu asubuhi kwenda kununua vitenge Goma. Ulimsimulia kila mteja aliyekuja kupimwa suruali.

Tangu siku hiyo hukunisalimia tena kama wazazi wengine. Nikipiga simu tu: "Bon, ile kitu yako imeisha kuoza?" Nami najibu, "Bado, baba." Unasema "Bon," tunaendelea na habari za mvua. Mimi nilidhani ni utani wetu.

Idi, yule wa matairi, alipoleta wazee wake kuniposa, uliwakaribisha vizuri, ukawapa chai ya maziwa, kisha ukawajibu: "Harusi haikimbiake. Amalize kwanza kazi yake." Nilifurahi mno. Nani mwingine hapa mtaani alikuwa na baba wa namna hiyo? Tulikubaliana wote wawili, na wote wawili tulikosea. Harusi haikukimbia. Idi hakukimbia. Wewe ndiye uliyeondoka, homa ya siku chache, na kwa kuwa sisi Waislamu hatuchelewi kuzika, nilifika nikakuta udongo umeshaanza kukauka.

Kazi imekwisha, baba. Hatukuona kitu. Tunachoweza kusema ni kwamba, kama Higgs inaoza kwa njia ile, basi inafanya hivyo kwa nadra zaidi kuliko tulivyotumaini. Watu wananipa pole, lakini hilo si msiba. Katika kazi yetu, kujua mahali kitu hakipo nako ni kujua, na wenzangu wameshaanza kutafuta kwingine.

Pole ninayoihitaji ni ya jambo ambalo Mama aliniambia juzi, tukichambua maharage. Alisema kama mtu anayesema habari ya kawaida tu:

"Baba yako alikuwa nasemaka ile maneno hapa ku mashini, peke yake. Nimekuoza binti yangu. Nimekuoza binti yangu. Mi namuuliza, we muzee, unaongea na nani? Anasema, najizoeza, nisitetemeke siku ile."

Niliacha maharage nikatoka nje. Kumbe ulikuwa unajizoeza, baba, na kila nilipopiga simu ulikuwa unaniuliza habari ya harusi. Ulilisikia neno vile vile kama siku ya kwanza, na mimi nikakujibu habari za protoni. Najuta. Najuta kwamba hukuniuliza waziwazi, na kwamba mimi, niliyefunzwa kutafuta kisichoonekana, sikuona.

Idi bado yupo, na Baba mdogo ndiye atakayekuwa walii wangu, wa kuniozesha kwake badala yako. Ameshaacha kupakia viazi vya Busasamana wiki hii ili asije na uchovu. Jana alikuja kuuliza aseme vipi. "Niseme mutoto ya marehemu kaka yangu, ao?" Nikamwomba aseme "binti yangu," bila kuongeza kitu, kwa kuwa ndivyo ulivyojizoeza wewe. Akasema atajaribu asitetemeke.

Mimi nitakuwa chumba cha ndani na shangazi, nikisikiliza kupitia mlango. Nakujua, ungeanza kwa kukohoa. Nitakisubiri kile kikohozi ingawa najua hakitakuja.

Mama ananiita, anataka niondoe kompyuta kwenye cherehani. Nimebakisha moja tu, kukujibu lile swali lako.

Chembe bado, baba. Mimi naozwa Ijumaa.

Binti yako