Swali Langu kwa Benki Kubwa

Jumatatu, 6 Machi 2006

Basi limechelewa tena. Nimefika ofisini soksi zimelowa. Tunawawekezea watu fedha zao za uzeeni, na mimi bado niko kwenye majaribio mpaka Ijumaa. Wakinikataa narudi kiwanda cha mikate, mtaa wa Shard End, pembeni ya mji. Sitaki. Leo Bi Harjit, mkubwa wangu, Singasinga wa Kisumu anayenisemesha Kiswahili tukiwa wawili, kanipa benki kubwa niichambue. Anataka kununua hisa zake. Ofisi nzima inasema bei ni rahisi.

Jumanne, 7 Machi

Sikujua benki inaweza kunisisimua hivi. Inapokea amana kwa riba ndogo, inakopesha kwa riba kubwa, inaishi kwa ile tofauti. Juu yake ada, karibu kwa kila huduma. Nacheka peke yangu. Mume wangu, Shaabani, kaniuliza nina nini. Nikamweleza mpaka wali ukapoa. Akasema basi na yeye atafungua benki. Nikamwambia kukopesha si kazi, kazi kurudishiwa.

Jumatano, 8 Machi

Thamani! Utamu wote uko hapa. Unatazama mtaji wa wenye hisa, unauliza unazaa nini kila mwaka. Ukizaa vizuri, mnunuzi hulipa zaidi ya mtaji wenyewe. Huu umezaa vizuri mno. Lakini mikopo haijaongezeka sana, na ada ni zile zile. Faida imetoka wapi?

Mchana nimeng'amua. Wamepunguza fungu wanalotenga kufidia mikopo itakayoharibika. Hali nzuri, wateja wanalipa, fungu linapungua, faida inapanda. Si wizi. Lakini haidumu.

Nimemwambia Bi Harjit. Kazipitia hesabu zangu. Kisha akasema mkuu wa fedha wa benki hiyo anakutana na wawekezaji kesho, niende nikamwulize mwenyewe. Naogopa. Nina furaha. Vyote pamoja.

Alhamisi, 9 Machi

Nimeuliza.

Ukumbi mmoja mtaa wa Digbeth, suti nyeusi kila upande, Bi Harjit kaja nami. Kiingereza kikanitoka na lafudhi yake yote ya Unguja. Nikauliza: kama fungu la mikopo mibaya lingebaki lile la mwaka jana, faida ingepanda?

Akanitazama. "Hapana," akasema. "Ingeshuka kidogo."

Hivyo tu, bila kuficha. Watu wakainamia kalamu zao.

Nje nikakaa kwenye ngazi. Bi Harjit naye akakaa, na nguo zake nzuri zile.

"Niliitaka sana hii benki, Salma," akasema. "Sasa naiona ghali."

Ijumaa, 10 Machi

Hatununui. Na kazi nimepata! Mwenzetu mmoja wa siku nyingi hakubali, anasema hisa zitapanda tu. Tumebishana asubuhi nzima, kwa heshima. Sijapata kubishana kwa raha hivi. Nimempigia mama Unguja. Nilipiga kelele mpaka Shaabani akafunga dirisha.

Jumapili, 12 Machi

Gazeti linasema hisa za benki ile zilipanda juzi. Huenda mwenzetu yuko sahihi kwa mwaka huu, au miwili. Nilidhani itaniuma. Haikuniuma. Ningeuliza swali lile lile.

Shaabani kalala kwenye kochi. Mvua imekatika, mtaa wetu wa Newtown kimya. Nimejimiminia chai, nimekaa nayo dirishani.