Sindano Nilizozinoa Mwenyewe

Jumapili ya Juni, mchana. Baridi imekaza tangu alfajiri, na upepo unavuma bila kupumzika. Nimetoka misani nikiwa nimeficha mikono kwapani, na sasa nimekaa dirishani karibu na cherehani, ambayo leo inapumzika. Vidole vinauma. Lakini nikisema nisubiri baridi ya Sumbawanga ipungue ndipo niandike, daftari hili nitalifungua mwezi wa Septemba.

Moyo wangu ni mzito. Si kwa msiba. Ni uzito wa mtu aliyegundua kwamba kile alichokiona ni ujanja wake kumbe kilikuwa ujinga.

Kesho asubuhi lori la Bwana Salumu linashuka Mbeya kuchukua bidhaa za duka lake, na anataka jibu langu kabla halijaondoka: aniletee kitu gani cha gramafoni? Wiki tatu nzima nimelifikiria jambo hili kuliko nilivyofikiria harusi yangu. Fedha ya kushona sare za shule nimeitenga kwenye kopo, na mke wangu Melania anajua kopo liko wapi, kwa hiyo sina muda mrefu wa kufikiri.

Kwanza nilitaka kichwa kipya, yaani kile kidude cha duara kinachoshika sindano na kutoa sauti. Bwana Salumu ana kitabu cha picha za bidhaa kutoka Dar es Salaam, na kichwa kilichomo humo kinang'aa hata kwenye karatasi. Baadaye nikaona afadhali springi ya kuizungushia santuri, maana ya kwangu siku za baridi hulegea kabla santuri haijafika mwisho. Halafu tamaa ikanipanda nikaanza kuitazama mashine nyingine kabisa, ile kubwa iliyo ndani ya kabati lenye milango miwili. Melania akauliza kama kabati hilo litaweka na sahani za kulia. Nikasema hapana. Akasema basi halina kazi, akarudi kwenye mboga zake.

Sikuwa natafuta makuu. Nilitaka Mama asikie.

Niandike vizuri ili nami nikisoma baadaye nisijidanganye. Santuri tunazo kadhaa, lakini moja ndiyo iliyonifanya ninunue gramafoni. Kaka yangu Festo alikwenda Tanga kukata mkonge, kama vijana wengi wa huku. Jioni baada ya kazi alikuwa akiimba na wenzake kambini, mpaka siku moja wakatafutwa na watu wa santuri, wakaenda kuimba mbele ya mashine. Festo alishika sauti ya pili. Ila katikati ya wimbo wenzake wananyamaza, na yeye anaimba ubeti mmoja peke yake, kwa Kifipa. Alirudi nyumbani na santuri moja, ameiviringisha ndani ya blanketi kama mtoto mchanga. Hatukuwa na cha kuipigia. Mwaka uliofuata homa ikamchukua, akiwa kitandani humu humu ndani, na gramafoni nikainunua baada ya mavuno, yeye hayupo.

Picha yake hatuna hata moja. Mimi na Mama hubishana kama kovu lake lilikuwa kwenye nyusi ya kulia au ya kushoto, na hakuna wa kutuamua. Ule ubeti ndio Festo aliyebaki.

Mwaka huu nikaanza kuona Mama anasogeza kigoda chake. Zamani alikuwa akikaa mlangoni huku akipata na jua kidogo. Mwezi wa Aprili alikuwa katikati ya chumba. Siku hizi sikio lake linakaribia kugusa sanduku la gramafoni. Nikajiambia masikio yake yamechoka, anahitaji sauti kubwa zaidi. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimesikia kwamba sauti ya Festo imeingia mkwaruzo, kana kwamba anaimba huku mtu anapeta nafaka pembeni yake. Nikakilaumu kichwa. Nikailaumu springi. Nikalilaumu hata vumbi la barabara ya Mbeya, ambalo kwa kweli linastahili lawama nyingi lakini si hii.

Jana nikaenda dukani kutoa jibu langu: kichwa kipya. Bwana Salumu ni mzee wa ajabu, mfanyabiashara anayekuzuia kununua. Aliniuliza nimejuaje kwamba kichwa ndicho kibovu. Nikamwambia nimejua tu. Akashusha rafuni santuri mpya ya taarabu, akachomoa sindano mpya moja, akanipa vyote nikajaribie nyumbani, na akaniomba nisimtangazie mtu kwamba anaazimisha bidhaa za kuuza.

Nikaenda nikajaribu. Kichwa kilikuwa kile kile, springi ile ile, sanduku lile lile. Sauti ikatoka safi na kubwa, mpaka Melania akatoka jikoni akijifuta mikono, kuuliza nani amekuja.

Mashine yangu ni nzima.

Nilifurahi na kuogopa kwa pamoja, maana kama mashine ni nzima, basi kibovu ni santuri. Kisha nikaifunga santuri ya Festo kwenye kitambaa, nikachukua na kopo langu la sindano, nikarudi dukani nusu nikitembea, nusu nikikimbia. Bwana Salumu akaipeleka santuri mlangoni penye mwanga, akaiinamisha huku na huku. Ile ya kuazima ilikuwa nyeusi ya kung'aa. Ya Festo imekuwa ya kijivu, hasa pale katikati kwenye ubeti wake, mfano wa goti la suruali iliyovaliwa miaka mingi. Akaniuliza sindano nazitumiaje.

Hapa sitaruka kitu. Fundi cherehani wa huku hatupi sindano. Zinatoka mbali, na zikikosekana dukani unaweza kukaa wiki mbili huna kazi. Sindano ikiwa butu tunainoa kwenye jiwe, taratibu, kwa mate kidogo, mpaka ipite tena kwenye kitambaa. Ndivyo nilivyofundishwa, na vijana waliojifunza kwangu nimewafundisha hivyo hivyo. Kwa hiyo niliponunua gramafoni nikaambiwa kwamba sindano moja hupiga upande mmoja wa santuri na kutupwa, nikaona huo ni ujanja wa wauza sindano. Nikazinoa. Kopo moja limenitosha miaka mitatu. Nimejisifu nalo mbele za watu, na jana nilijisifu tena: nilimweleza Bwana Salumu kila kitu kwa furaha, mpaka nikamwonyesha jinsi ya kulilaza jiwe.

Aliniacha nimalize. Halafu akanirudishia santuri kwa mikono miwili.

"Fundi," akasema, "sindano ya cherehani kazi yake kutoboa. Hii inapita juu ya sauti ya mtu. Ukiitia makali, inakwangua."

Miaka mitatu nimekuwa nikimkwangua ndugu yangu, tena kwa upendo, mara tatu kwa wiki.

Nilimuuliza kama haiwezekani kupata santuri nyingine kama hiyo. Nilijua jibu, maana aliwahi kuniulizia Mbeya na hata Dar es Salaam, akaambiwa zilikwisha na hazitengenezwi tena. Akarudia kunijibu hivyo hivyo kwa upole, na akakataa fedha ya sindano aliyoniazima.

Jana jioni sikumwambia mtu. Nilikula kidogo, nikasingizia tumbo. Leo kanisani nilipiga magoti na watu wengine, nikasimama na watu wengine, lakini akili yangu ilikuwa kwenye jiwe la kunolea. Niliomba msamaha, ingawa sikujua kwa Festo au kwa Mama. Tuliporudi nikaona siwezi kula chakula cha mchana nikiwa na jambo hilo kifuani.

Mama alikuwa jikoni akipeta ulezi. Nikapiga magoti mlangoni, nikapiga makofi ya taratibu kama tunavyowasalimia wazee wetu, na kwa kuwa siku hizi nasalimia kwa haraka haraka nikiwa nimesimama, alishtuka, akauliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa. Nikamweleza yote, sindano, jiwe, ule ukijivu wa katikati. Nikamwambia mashine haina kosa, mimi ndiye mwenye kosa. Nikalia. Mtu mzima, mwenye ndevu na watoto wanne, nimelia mbele ya ungo wa ulezi.

Mama alimaliza kupepeta kile kilichokuwa kwenye ungo, akapuliza makapi, ndipo akasema kwamba yeye alianza kuona sauti inapungua tangu masika. Alidhani ni masikio yake yanakufa. Akanyamaza, asije akaniingiza kwenye gharama za kumpeleka hospitali, akaamua kusogeza kigoda tu. Basi miezi yote hiyo tumekaa chumba kimoja, yeye akiyalaumu masikio yake, mimi nikiilaumu mashine yangu, na kila mmoja akimficha mwenzake ili asimuumize. Nikajikuta nacheka na machozi bado yanatoka. Naye akacheka, akasema afadhali basi, kumbe masikio ni mazima.

Lakini nilikuwa sijamaliza, na lile lililobaki ndilo lililokuwa gumu kulitamka.

"Mama, yale maneno ya katikati hayasikiki tena," nikasema. "Ule ubeti wa Festo nimeumaliza."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Ule ubeti ni wangu," akasema. "Nilikuwa nauimba nikipalilia ulezi kule shambani Pito, yeye nimembeba mgongoni. Wewe ulikuwa hujazaliwa."

Akauweka ungo chini. Hakusafisha koo, hakujiweka sawa. Aliimba pale pale alipokaa, kwa sauti ndogo ya mwanamke aliyezeeka, huku makapi ya ulezi yamemshika kwenye mikono. Ulikuwa ubeti wote. Pale ambapo santuri sasa inakwaruza tu, yeye alipita neno kwa neno bila kusita. Na kabla ya neno la mwisho kuna pumzi ndefu ambayo Festo huivuta, ambayo miaka yote nimeipenda na kuamini kwamba ni madoido aliyojifunza Tanga. Kumbe ni pumzi ya mtu aliyeinama na jembe, akiinuka kidogo kunyoosha mgongo wenye mtoto.

Niliomba aurudie. Akaurudia. Mara ya tatu akasema nami niimbe. Nikaimba vibaya, akanikatiza, akasema nakimbia, Festo hakuwa akikimbia. Tumekaa jikoni mpaka Melania akaja kuuliza kama chakula kiliwe au kipewe kuku.

Nimekwisha kuamua. Kesho kabla lori halijaondoka nitamwambia Bwana Salumu aniletee sindano tu, makopo mawili au matatu. Moja kwa upande mmoja, kisha itupwe, hata roho ikiniuma, na itaniuma. Kichwa cha zamani kibaki, springi ibaki, na lile kabati lenye milango libaki kwenye kitabu chake cha picha. Santuri ya Festo tutaipiga siku ya marehemu wote na siku aliyofariki, basi. Melania amesema fedha inayobaki inatosha blanketi zito la Mama. Sikubishana naye, maana ana haki, na pia alikuwa ameshalishika kopo.

Lile jiwe nimelirudisha kwenye kazi ya cherehani, halina kosa lolote.

Ningeweza kufunga daftari hapa, niende nikalale kidogo kabla ya sala za jioni. Ila kuna kitu nimekikumbuka nikiwa naandika, na sitaki kukiacha nje. Mara nyingi santuri ilipokuwa inafika kwenye ubeti ule, midomo ya Mama ilikuwa inaanza kucheza na sauti kidogo ikimtoka. Nami nilikuwa nainua kidole kumwashiria anyamaze, ili tumsikie Festo. Alikuwa ananyamaza kila mara, wala hakuwahi kubisha.

Miaka mitatu, mara tatu kwa wiki. Ni mara ngapi nilimnyamazisha?