Cherehani Yenye Futi

Mchafukoge, Dar es Salaam

Kaka Kitwana, shikamoo.

Huku tumeshinda! Mama Jasumati wa ghorofani kaleta sahani nzima ya ladu, zile tamutamu za mviringo za Kihindi, ingawa yeye hata mchezo wenyewe haujui.

Unaukumbuka ule mchezo wa matofali kwenye simu, wa kuchimba, kujenga na kujishonea nguo usife kwa baridi? Tangu mguu wa Baba upooze, cherehani yake imefunikwa shuka, basi nikamfundisha kuucheza. Alipoona cherehani ya mchezoni inatoa kanzu papo hapo, akafoka: "Fundi gani huyu anakata kitambaa hajampima mtu?"

Mimi nilicheka, yeye hakucheka. Akanikalisha chini tukawaandikia wenye mchezo: walete cherehani kubwa zaidi, yenye futi ya kupimia, na mwenye nguo aje kwanza asimame apimwe. Wamekubali! Imeingia kwenye toleo jipya, na Baba kawapigia simu mafundi wote wa Kariakoo kujisifu.

Jana akaweka kitambaa cheupe kwenye cherehani hiyo ya mchezoni, akachagua jina lako ambalo bado limo. Cherehani ikagoma: "Mwenye nguo hayupo."

Najua hamjaongea tangu ulipokataa kurithi duka lake la ushonaji. Ila kitambaa hajakitoa mpaka sasa.

Kaka, ingia tu mchezoni. Usiombe radhi, usieleze chochote. Simama mbele ya cherehani, nyoosha mikono, Baba akupime.

Mdogo wako anayekusubiri na ladu moja aliyoificha,
Moza