Gobore Ndani ya Kitanda

Jumatano, baada ya Isha

Daftari langu, hujambo? Mie mzima, tena nina furaha.

Bunge limepitisha sheria. Mwenye bunduki ya urithi ataisajili polisi bila kushtakiwa. Karakana nzima hapa Keko tuliacha randa tukasikiliza redio. Safari hii wabunge hawakuitikia kwa pamoja, waliitwa jina kwa jina. Chama cha mbunge wetu kilimtaka akatae. Akasema, "Dhamira yangu inasema ndiyo."

Musa, fundi mwenzangu, akanicheka. "Mzee, unalia? Kwani una bunduki wewe?"

Nikasema ni vumbi la mbao za mninga limeniingia machoni.

Hajui kwamba gobore la marehemu baba, alilofukuzia nguruwe shambani Liwale, nimelipigilia ndani ya kitanda changu miaka tisa. Kila nikisujudu liko hatua mbili kutoka kwenye mswala.

Jioni nikamwambia mke wangu. Akakitazama kitanda.

"Baba Zuhura, kumbe ndiyo maana hakisogei? Miaka yote nasema nimeolewa na fundi mbovu."

Nikamwomba tungoje, sheria haijasainiwa. Wakinikamata kabla...

"Mwenzio kaitwa jina, kaitika mbele ya chama chake. Wewe unangoja nani akuite?"

Kitanda nimekibomoa, leo tunalala chini. Naogopa, lakini nimechangamka kama bwana harusi.

Ya Rabi, mpe askari wa zamu moyo kama wa yule mbunge. Nakuomba unijibu mapema, kesho saa mbili asubuhi tunalipeleka polisi.