Nguruwe Alikufa kwa Mihogo Yangu, Jirani Ndiye Anayelaumiwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana hii ni wiki ya pili chakula hakipandi wala usingizi siupati. Mama mkwe wangu alikwenda kumtazama binti yake aliyejifungua akaniachia nguruwe wake watatu, akaniambia, "Mwanangu, hawa ndio tegemeo langu, wasilale njaa," nami nikaitikia, lakini pumba ilikuwa imepanda bei hadi muuzaji mwenyewe anaona haya kuitaja, nikasikia watu wanalisha mihogo, basi nikang'oa ile michungu iliyo nyuma ya nyumba, nikaikatakata mibichi na maganda yake, nikajaza hori, nikajiona mjanja. Yule jike mkubwa aliwasukuma wenzake akala karibu yote. Haikufika adhuhuri, akawa anahema kama aliyekimbizwa, anayumba, akaanguka ubavu, akatulia.

Nilifukia mabaki ya mihogo, na mama aliporudi nikamwambia sijui kilichotokea. Sasa anasema ni sumu, na aliyeiweka ni jirani yetu fundi cherehani, kwa sababu aliwahi kulalamikia harufu ya banda. Wateja wameanza kumkimbia. Jana alinikuta bombani akaniuliza taratibu, "Shemeji, na wewe unaamini ni mimi?" Nikainama nikaangalia ndoo mpaka ikafurika. Jumamosi mama anampeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Mume wangu hajui lolote, mmoja wa nguruwe wawili waliobaki ana mimba, pumba imebaki debe moja, na ile mihogo naiogopa hata kuitazama. Nikisema ukweli si nitafukuzwa?

Mkwe mwenye hofu

Mkwe mwenye hofu, pole. Kuua mnyama kwa kutojua ni bahati mbaya. Kumwachia fundi wa watu abebe lawama zako, hiyo si bahati mbaya, hiyo umeichagua, na pale bombani umeichagua tena.

Usingoje Jumamosi. Mwambie mumeo kwanza, asije akayasikia barabarani, kisha muende pamoja kwa mama. Usianze na bei ya pumba. Sema, "Mama, ni mimi, niliwalisha mihogo michungu mibichi." Atafoka, mwache afoke. Halafu nenda kwa fundi, ukaseme mbele ya wateja wake, kwani jina lililochafuliwa hadharani halisafishwi chumbani.

Mihogo yenyewe usiichukie. Imenye, maganda yasifike horini, ikate vipande vyembamba, ianike juani siku tatu nne mpaka ivunjike mkononi kwa mlio, ndipo uitwange. Hata hivyo isizidi theluthi ya chakula chao, na uichanganye na mashudu au dagaa, maana muhogo unashibisha tu, haujengi mwili. Huyo mwenye mimba usimbadilishie chochote kabla bwana mifugo hajamwona. Mpigie leo, na yeye pia umweleze yote bila kuficha.

Mama anaweza kukununia mwezi mzima. Vumilia, msalimie kila asubuhi hata asipoitikia. Ila kwa fundi nenda leo, kabla hajafunga kibanda.