Maombi Saba ya Wilmot Cadogan

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya mvua ulipoanguka kwenye ngazi za ofisi ya serikali hapa Georgetown, Guiana ya Waingereza, mwavuli wako ukiwa bado umefungwa.

Tunakukumbuka ukipiga pasi kola yako mwenyewe, kwa sababu Mama hakuwahi kuifanya ngumu kama ulivyotaka. Majirani uliwaandikia barua zao za serikali, na hukupokea zaidi ya kipande cha keki nyeusi wakati wa Krismasi.

Miaka ishirini na sita ulitunza mafaili ya idara. Maafisa vijana wa Kiingereza walikuja kutoka koloni la Saiprasi, ukawafundisha kazi, na baada ya miaka miwili wakaenda Malaya na vyeo vikubwa. Kanuni ilisema hata mzaliwa wa hapa anaweza kuomba nafasi katika koloni jingine. Wewe ulitaka Gold Coast, kule Afrika, ukaone walikotoka wazee wetu. Uliomba mara saba, kila mara kupitia kwa mkuu wako. Sanduku la safari likakaa tayari chini ya kitanda.

Mjomba Prescod alikucheka. "Shemeji, hao hawakupi kitu! Peleka nakala London mwenyewe. Au unamngoja Malkia aje akubebee sanduku?"

"Barua ikimruka mkuu wa idara haifiki mbali, Prescod. London huzirudisha kwa mkuu, na mimi ndiye ninayezipokea." Kisha ukatuambia, "Mkuu ni mtu mwema. Amesema nivute subira."

Wiki ya mazishi mwanao Colvin alikwenda ofisini kuchukua vitu vyako. Mkuu alipofungua kabati lake kutafuta cheti chako cha utumishi, Colvin akayaona maombi yako yote saba, yamefungwa kwa utepe mmoja. Hakuna hata moja lililokuwa na muhuri wa kutumwa London.

Mkuu hakuona haya. "Baba yako angeondoka, nani angenitafutia mafaili?"

Sasa Colvin anakalia kiti chako. Mwezi wa tatu naye aliomba Gold Coast. Jioni ile, mezani, tulimuuliza Colvin mkuu wake amesemaje.

"Amesema, 'Vuta subira, kijana.'"

Mama aliweka kijiko chini, hakula tena.

Utusamehe, Baba. Safari hii tuliivunja kanuni yako. Mama mwenyewe aliipeleka posta nakala ya ombi la Colvin, iende London moja kwa moja. Imerudi Ijumaa, lakini si kwetu: imerudi kwa mkuu. Colvin ameitwa Jumatatu saa tatu asubuhi. Ameambiwa aje na funguo zake zote za ofisi.

Atavaa kola yako. Mama ameipiga pasi tangu jana, na safari hii imekuwa ngumu kama ulivyotaka.

Unakumbukwa na mkeo Ismay, mwanao Colvin, shemeji yako Prescod, na mimi binti yako Verna, niliyeandika haya. Sanduku hatujalifungua. Hatutakusahau kamwe, Baba.