Nimemtunza Mwimbaji wa Kimeksiko

Shoga yangu Zuhura,

Mwanao kakubali taarab! Ngoja, nianze mwanzo, unanijua mie kwa kurukia.

Tangu tukuzike, Mwanaidi kashikilia harusi yake haina muziki. "No music, Anti. Mama hayupo." Harusi ya bintiyo, Zuhura, kimya kama foleni ya benki! Roho ikaniuma.

Sasa Lupe, yule Mmeksiko ninayefagia naye ofisi, Jumamosi bintiye katimiza kumi na tano. Kwao hiyo sherehe kubwa, kama harusi. Kakodi ukumbi hapa Wembley. Nikamburura Mwanaidi.

Shoga! Wakaingia wanaume wanane, suruali zimebana, vifungo vinang'aa ubavuni, kofia pana kama ungo. Fidla, tarumbeta, na gitaa moja lina tumbo kama la mimba ya miezi tisa! Wanaita mariachi. Lupe ananambia muziki huo umeanzia kwa watu wa mashamba, Jalisko huko kwao, fidla na magitaa tu, tarumbeta zikaja nyuma. Na zile nguo ni za wapanda farasi wao. Mtu akizaliwa, akioa, wanampigia.

Basi mmoja akaimba, sauti inapanda kama analia. Neno sijui hata moja, lakini mabega yangu yalijua! Nikainuka, nikajirusha mpaka mbele, nikamtunza kama tunavyotunza kwenye taarab. Noti pwaa, kwenye paji la uso!

Ukumbi mzima ukanigeukia. Kumbe kwao hawatunzi hivyo! Lupe kajishika mdomo. Nikataka ardhi inimeze.

Yule mwimbaji kaibandua noti, kacheka, kamuuliza Lupe, naye akanifasiria: wimbo huu bibi anampa nani?

Ikanitoka tu: "Zuhura. Kafariki."

Nikajua nimeharibu sherehe ya watu. Lupe akasema, "Hata makaburini sisi tunawapigia." Wakakupigia, shoga! Jina lako, na tarumbeta juu!

Mwanaidi akalia. Halafu akacheka, kile kicheko chako cha puani, akafungua pochi akaenda kutunza mwenyewe. Kwenye basi akanambia, "Anti, waite watu wa taarab."

Haya, lala salama, mwenzangu, Mola akupe nuru. Siku hiyo nitatunza mara mbili: yangu kwa mkono wa kulia, yako kwa wa kushoto, kama ulivyokuwa ukitunza wewe, mashoto wee. Watakaonisema, waniseme.

Shogayo,
Mwanakombo